Nani Alikuwa Akipima Joto la Mombasa Bara?

Historia ya Mombasa ikisimuliwa huwa inaishia Kisiwani. Fort Jesus, Mji wa Kale, Wareno, Wamazrui, Sultani wa Zanzibar, kwisha. Sisi wa bara tunaingia kwenye hadithi mtu akitaka kueleza foleni ya feri, ama akitafuta nyumba ya bei nafuu. Likoni, Kisauni, Changamwe: mitaa ya kulala watu wanaofanya kazi mjini. Ndivyo tulivyozoeshwa kujiona.

Mimi leo nasimulia nyingine. Hii ni historia ya joto. Lile la jua liwache, hilo kila mtu analijua bila kufundishwa. Nazungumzia joto la ndani ya mashine, na kile kidude chembamba kama kalamu kinachochomekwa humo ili kitwambie joto limefika wapi. Vitabuni kinaitwa kihisi joto. Mafundi wenyewe husema sensa, na mambo yanaendelea.

Kwa nini nishughulike na kidude? Manake ukiifuata safari yake utaona kwamba kwa zaidi ya miaka 120 mashine nyingi zenye moto mkali hapa Pwani zimekaa bara, kwetu, na watu wetu ndio waliokuwa wakizisikiliza usiku na mchana. Lakini shuleni hakuna aliyenifundisha walikuwa kina nani, wala walijua nini. Nilifundishwa tarehe ya Vasco da Gama. Sikufundishwa kazi ya jirani yangu.

Kwanza tuelewane kuhusu ugumu wenyewe. Kupima joto ni rahisi kitu kikitulia. Ukiwa na maji kwenye sufuria, kipimajoto cha kioo kinatosha. Shida inaanza mashine inapopata moto na kutetemeka kwa wakati mmoja. Simama kwenye feri ya Likoni inapoondoka ukingoni, uhisi sakafu inavyokutikisa kutoka nyayo hadi magoti. Sasa fikiria wewe uko kule chini, umebanwa kwenye bomba la moshi la injini, nyuzi 400 za Selsiasi, kila safari, mwaka mzima, na kazi yako ni moja tu: kusema ukweli. Kioo hapo hakidumu hata siku. Hata waya wa kawaida haudumu. Kila kipimo kilichowahi kudumu mahali kama hapo kina mtu nyuma yake aliyekaa akajiuliza, hiki kilichotangulia kilivunjikia wapi?

Swali hilo ndilo uti wa mgongo wa makala haya. Lishike.

Risasi ndani ya boila

Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Ikavuka Makupa, ikapanda Changamwe, ikaingia Taru na kuendelea mpaka ikafika Kisumu mwaka 1901, wakati huo panaitwa Port Florence. Hadithi ya simba wa Tsavo tumeisikia mpaka tumechoka. Ya boila hatuisikii.

Injini ya mvuke ni moto uliofungiwa ndani ya maji. Juu ya sanduku la moto kuna bati nene, na juu ya bati hilo kuna maji. Maji yakiwepo, bati halipati joto la kupita kiasi kwa sababu maji yanalipoza. Maji yakipungua mpaka bati likabaki kavu, chuma kinalegea, na mvuke uliobanwa unalipasua. Dereva na mtia moto hawapati nafasi ya kukimbia.

Kinga yake ilikuwa kitu cha ajabu kwa urahisi. Unachukua bolti ya shaba nyeupe, unaitoboa katikati, unajaza tundu hilo risasi, halafu unaifunga kwenye lile bati. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327. Maji yakiwa juu yake, iko salama. Maji yakiondoka, inayeyuka, tundu linafunguka, na mvuke unamwagikia motoni kwa kelele ambayo hakuna mtu anayeweza kujifanya hakuisikia. Boila za Kiingereza kwa kawaida ziliwekwa kinga hii, na reli yetu ilikuwa mteja mkubwa wa Waingereza.

Aliyeianzisha ni Richard Trevithick, fundi wa Cornwall, mwaka 1803, baada ya boila yake moja kupasuka Greenwich na kuua watu. Inasimuliwa kwamba kijana aliyeachiwa kuilinda alikuwa ameondoka kwenda kuvua mikunga. Trevithick hakumaliza na kumlaumu kijana. Alielewa kwamba siku nyingine atakuwepo kijana mwingine na mikunga mingine, kwa hiyo akaipa boila yenyewe uwezo wa kupiga kelele.

Hebu iangalie ile bolti kama kihisi. Haina waya wa kukatika. Haina kioo cha kupasuka. Tetemesha utakavyo, risasi iliyokaa ndani ya shaba haisikii. Kwa uimara, imezishinda sensa nyingi za leo. Kasoro yake ni kwamba inajua neno moja tu, na inalisema mara moja. Haiwezi kukwambia "nakaribia". Inakwambia "nimeshakufa". Tena haikuwa kitu cha kuweka na kusahau. Chumvi ya maji ikigandia juu yake inaweza kuizuia kufanya kazi, kwa hiyo lazima mtu aifungue, aikague, aweke mpya. Mtu huyo ndiye nisiyemwona kwenye vitabu.

Miaka ya 1950 zikaja zile Garratt za daraja la 59, injini 34 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi. Ndizo zilikuwa injini kubwa kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja, na zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Moja, nambari 5918 iitwayo Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nenda ukaione. Halafu jiulize waliokuwa wakipanda nayo mlima wa Changamwe na tani zote zile walikuwa wakijua nini kuhusu joto ambacho sisi hatukijui.

Nyaya mbili zinazosema

Ili kipimo kiweze kusema "nakaribia", ilibidi joto ligeuzwe kuwa umeme.

Mwaka 1821 Thomas Seebeck, mwanasayansi aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliunganisha metali mbili tofauti zikawa duara, akapasha joto upande mmoja wa kiungo. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikacheza. Yeye alidhani ni usumaku unaotokana na joto. Wenzake ndio walioeleza kuwa ni mkondo wa umeme. Lakini kilichotendeka kilikuwa wazi: metali mbili zikiunganishwa, na ncha zao zikiwa kwenye joto tofauti, unapata volti ndogo. Tofauti ya joto ikiongezeka, volti inaongezeka. Hiyo ndiyo themokapo, na mpaka leo ndiyo inayopima joto kwenye mashine nyingi zenye moto mkali.

Ilikaa miaka zaidi ya 60 bila kuaminika vizuri kwenye tanuri za kweli. Aliyeitengeneza ikaaminika ni Mfaransa Henry Le Chatelier, mwaka 1886, kwa kutumia platinamu safi upande mmoja na platinamu iliyochanganywa na rodiamu upande wa pili. Sasa sikiliza hili. Le Chatelier alikuwa mhandisi wa madini, na moja ya kazi zilizompa jina ni utafiti wa saruji. Alihitaji kujua joto la vitu vinavyochomwa kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kipimo kilitoka kwa mtu mwenye shida ya kupima.

Kwa nini nakwambia habari za saruji? Kwa sababu ya Kisauni. Bamburi Cement ilianzishwa mwaka 1951 na kuanza kuzalisha mwaka 1954, palepale pwani ya kaskazini, ikichimba mawe ya matumbawe. Ili mawe yawe klinka, lazima yafikishwe kama nyuzi 1,450 ndani ya tanuri refu la chuma linalozunguka. Fikiria bomba unaloweza kutembea ndani yake, limelazwa likiwa limeinama kidogo, linazunguka polepole huku ndani kuna moto wa kuyeyusha chuma. Utapitisha vipi waya kwenye kitu kinachozunguka? Ndiyo maana katika kazi ya tanuri za saruji duniani kote, mafundi wa zamani walijifunza kuutazama moto kupitia kioo cha bluu na kusoma rangi yake, na baadaye vikaja vipimo vinavyosoma mwanga wa moto bila kuugusa. Jicho la mtu lilikuwa kihisi. Jicho hilo lilifundishwa miaka, na lilistaafu na mwenyewe.

Halafu Changamwe. Rifaineri ilianza kusafisha mafuta mwaka 1963, mwaka uleule wa Uhuru, na sehemu ya pili ikaongezwa mwaka 1974. Kusafisha mafuta kwa lugha rahisi ni kuyapasha joto na kuyatenganisha: petroli inatokea kwenye joto lake, mafuta ya taa kwenye lake, dizeli kwenye lake. Ukikosea joto umekosea kila kitu. Kiwanda cha aina hiyo ni vipimo vya joto kutoka mlangoni hadi mwisho, na kila kipimo kina mtu wa kukikagua, kukisafisha na kukilinganisha na kingine. Hiyo ni kazi kamili, na ina jina lake: fundi wa vipimo. Changamwe ilikuwa na shule ya mafundi hao kwa miaka 50, hata kama nje ya geti hapakuandikwa "shule".

Kinavunjikia wapi?

Tufike Kipevu, ng'ambo ya bandari, ndani ya Changamwe hiyohiyo. Stima nyingi iliyowashwa Pwani ilipitia hapo. Ilianza Kipevu I mwaka 1999, ikaja Kipevu II mwaka 2001, na Kipevu III mwaka 2011 yenye megawati 120. Hii ya tatu ina injini saba za Wärtsilä, kampuni ya Ufini, na kila injini ina silinda 18.

Tupige hesabu kidogo. Injini kama hiyo inazunguka mara 500 kwa dakika. Kila silinda inawaka mara moja kwa kila mizunguko miwili, yaani mara 250 kwa dakika. Zidisha kwa silinda 18: mara 4,500 kwa dakika. Hiyo ni milipuko 75 kila sekunde, ndani ya chuma kimoja.

Kwa kawaida injini za aina hii huwekwa kihisi kwenye njia ya moshi ya kila silinda. Ukikiona kimoja kinasoma juu kuliko wenzake, huenda valvu imeanza kuungua ama pua ya mafuta inavuja. Kimoja kikisoma chini sana, huenda silinda ile haiwaki vizuri. Yaani vile vihisi 18 ni kama madaktari 18, kila mmoja ameshika mkono wa mgonjwa wake. Daktari mmoja akidanganya, unafungua mashine nzima bure. Mbaya zaidi, unaacha kuifungua inapohitaji kufunguliwa.

Na vinavunjika. Chukua waya wa hanga ya nguo, uukunje huku na huku. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya kumi pia labda. Lakini unafika wakati unakatika mkononi bila nguvu yoyote. Huo ni uchovu wa chuma. Sasa milipuko 75 kwa sekunde inakunja ule waya kidogo sana, lakini haichoki.

Kuna mzee mtaani kwetu, upande wa Magongo, aliyefanya kazi ya vipimo viwandani tangu ujana mpaka akastaafu. Jina hataki liandikwe. Nilimwendea nikamuuliza swali langu lilelile.

"Babu, hizi sensa zinaharibikia wapi hasa? Zinaungua?"

"Zinaungua kidogo sana," akasema. "Watu hudhani moto ndio unaoziua. Mjukuu wangu, nyingi nilizotoa mimi zilikuwa zimekatika shingoni."

Shingo ni pale waya laini unapokutana na bomba gumu la kihisi. Bomba limefungwa na injini, linacheza na injini. Waya umefungwa ukutani, umetulia. Ugomvi wote unaishia kwenye sentimita moja ile.

"Kwa hivyo ulifanyaje?"

"Usiuvute waya ukanyooka kama kamba ya nguo. Upe tumbo. Halafu uushike kwa klipu palepale kwenye injini, ili shingo na waya vicheze pamoja. Tofauti ndiyo inayoua, kucheza hakuui."

Ukifungua vitabu vya uhandisi utayakuta maneno hayo, yamevalishwa suti. Waliotatua shida hii kwa upande wa utengenezaji walifuata njia hiyohiyo ya kuzuia vitu kucheza mbalimbali. Mwaka 1896, mwaka uleule reli inaanza Mombasa, Mswisi Arnold François Borel alipata hataza ya kebo ambayo nyaya zake zimezungukwa na unga wa madini ndani ya bomba la chuma. Ilichukua muda mrefu. Wafaransa walianza kuiuza mwaka 1932, ikatumika sana melini, na Waingereza wakafuata mwaka 1937. Unga unaotumika leo ni oksidi ya magnesiamu, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 2,800 hivi. Bomba linavutwa na kubanwa mpaka unga ule unakuwa kama jiwe. Nyaya zikiwa ndani ya jiwe hazina nafasi ya kucheza hata kidogo. Themokapo ikatiwa humo, ikapata mwili wa kuishi kwenye injini. Nyaya zenyewe siku hizi mara nyingi ni za nikeli, upande mmoja imechanganywa na kromiamu na upande wa pili na aluminiamu, kwa sababu platinamu ni ghali na hii inatosha.

Umbo nalo lina kazi. Kihisi kirefu chembamba kinacheza kama antena ya gari. Kifupi kinene kinatulia, ingawa kinachelewa kidogo kuhisi joto likibadilika. Na popote unene unapobadilika ghafla, hapo ndipo ufa huanzia.

Kama unadhani hayo ni mambo madogo ya mafundi, sikia yaliyotokea Japani. Tarehe 8 Desemba 1995, kwenye kituo cha nyuklia cha Monju, mfuko wa chuma wa themokapo uliochomoza ndani ya bomba la sodiamu iliyoyeyushwa ulivunjika. Mfuko huo ulikuwa na unene uliopungua ghafla, kama ngazi. Sodiamu ilivyokuwa ikipita iliutetemesha, ukachoka, ukakatika palepale kwenye ngazi. Mamia ya kilo za sodiamu zilivuja na kuwaka moto. Kituo kikalala mpaka mwaka 2010, kikasimama tena mwaka huohuo, na mwaka 2016 serikali ikaamua kukifunga kabisa. Nchi ya wahandisi wa kutisha, na kilichowaangusha ni shingo ya kipima joto.

Hapa kwetu kuna hewa ya hapa

Mzee aliniambia mambo mawili mengine, na haya ndiyo yaliyonifanya niandike.

La kwanza: ule unga ndani ya kebo unanyonya maji hewani. Ukiikata kebo ili uiunge, usiiache wazi ukaenda kula chakula cha mchana. "Hewa ya hapa ina bahari ndani yake," alisema. Unga ukilowa, umeme unavuja kati ya nyaya, na kipimo kinaanza kusema uongo polepole. Lazima uikaushe kwa joto na uizibe mdomo haraka. Kila mahali ni hivyo, lakini Mombasa ni hivyo zaidi.

La pili ni hatari kuliko yote. Themokapo haipimi joto, inapima tofauti ya joto kati ya ncha mbili. Ncha moja iko kwenye moshi. Nyingine inatakiwa iishie kwenye paneli, ambako kuna kifaa kinachojua joto la pale na kuliongeza kwenye hesabu. Kwa hiyo waya wa kutoka kwenye injini mpaka paneli lazima uwe wa aina inayolingana na themokapo yenyewe. Waya huo ukiharibika, na fundi mwenye haraka akaunga kwa waya wa shaba wa kawaida, mashine itawaka na namba itatokea. Hakuna taa nyekundu. Lakini tuseme sanduku la kiungo pale kwenye injini liko nyuzi 70, na chumba cha paneli kina AC ya nyuzi 22. Tofauti hiyo ya nyuzi 48 imepotea. Moshi wa nyuzi 480 utasomwa kama 432, na watu watasema mashine iko poa.

Ona hapo: chumba kikipoa zaidi na mashine ikipata moto zaidi, uongo unakua. Kwenye nchi ya baridi, injini ikiwa imetulia kwenye ukumbi wenye hewa nzuri, kosa lilelile lingekuwa dogo zaidi. Hapa kwetu linaweza kula valvu. Huwezi kuyajua haya kwa kusoma kijitabu cha mtengenezaji peke yake. Unayajua kwa kusimama hapo, namba ikikwambia sawa na pua ikikwambia si sawa.

Mwaka 2013

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Septemba 2013 rifaineri ya Changamwe iliacha kusafisha mafuta. Sababu zinajulikana. Mitambo ilikuwa imezeeka, ikawa nafuu kuleta mafuta yaliyosafishwa tayari, na Essar ya India, iliyokuwa imenunua nusu ya kampuni mwaka 2009, ikaamua kuondoka. Matangi yakabaki kuhifadhia mafuta. Sitaki kulilia mitambo. Mitambo huzeeka.

Mwaka huohuo wa 2013, upande wa pili wa Makupa, Mombasa Polytechnic ilipata hadhi kamili na kuwa Technical University of Mombasa. Ni taasisi iliyozaliwa enzi za mkoloni ikiitwa MIOME, ikiwafundisha ufundi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini yaweke mambo hayo mawili pamoja uyaangalie. Mwaka mmoja tulipata chuo kikuu na tukapoteza mahali pa moto. Vyeti vilipanda daraja wakati karakana inazimwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo najua kuna mtu atasema dropout anaponda masomo. Siyapondi. Seebeck alikuwa msomi, na bila yeye hatuna themokapo. Ninachosema ni kwamba orodha yote niliyokupitishia, Trevithick na boila iliyopasuka, Le Chatelier na saruji yake, inaonyesha kitu kimoja: kipimo kinachodumu kinabuniwa na mtu anayejua kilichotangulia kilivunjikia wapi. Na maarifa hayo hukaa karibu na mashine.

Sisi tumekaa karibu na mashine tangu 1896. Hakuna jina letu hata moja kwenye orodha ile. Kwa nini? Kwa muda mrefu kazi tuliyopewa ilikuwa kutoa kilichoharibika, kuweka kipya, na kile cha zamani kutupa. Swali la kwa nini kilivunjika lilikuwa la mtu mwingine, aliyekaa Manchester ama Ulaya kwingine. Mkoloni aliigawa kazi hivyo, na tulipopata Uhuru tuliacha mgawo ule ule. Mikono hapa, swali kule.

Kuna atakayenijibu: ndugu, sensa inauzwa, si ununue tu. Nunua. Hata mimi ningenunua. Lakini lazima ujue ya kununua. Fundi anayejua kwamba zake zote hukatika shingoni ataagiza yenye shingo iliyoimarishwa. Anayejua hewa ya Kilindini ataagiza iliyozibwa mdomo vizuri. Asiyejua ataagiza ileile kila mwaka na kulaumu moto. Na siku kijana wa Mikindani ama Shika Adabu akitaka kutengeneza yake mwenyewe, ataanzia wapi kama hakuna aliyeandika?

Kwa hivyo pendekezo langu ni dogo, halihitaji mfadhili. Kila karakana yenye injini huku bara, ya feri, ya jenereta za hoteli, ya malori pale Miritini, ya mashua, iwe na daftari moja. Kihisi kikifa, kabla hakijatupwa, andika: kilitoka wapi, kilifanya kazi saa ngapi, kimevunjikia wapi, waya ulikuwa na tumbo ama ulikuwa umenyooka. Piga picha. Miaka mitatu ya daftari hilo itakufundisha kitu ambacho mtengenezaji wa Ulaya hana, kwa sababu yeye hajawahi kukaa Kipevu mwezi wa Machi.

Na wazee. Waliokuwa na miaka 20 rifaineri ilipofunguliwa sasa wamepita 80. Waliofuta masizi ya Garratt ni wachache kuliko hao. Tukimzika mmoja wao tunasoma wasifu: alizaliwa, alioa, alifanya kazi, ameacha wajane na watoto. "Alifanya kazi." Miaka 35 kwenye maneno mawili.

Nimeshaanza na mzee wangu wa Magongo. Simu yangu ina saa tano za sauti yake mpaka sasa, na tumefika mwaka 1978 tu. Kama babu yako alishika spana huku bara, usiniletee mimi. Kaa naye wewe, rekodi, na umuulize lile swali: kilikuwa kinavunjikia wapi?